Baba, Kaa Kulia!

Watu wangu, hii ilikuwa iwe video ya kuchekesha tu. Baba yangu, dereva wa matatu tangu kabla sijazaliwa, anawasha waipa kila akitaka kukata kona. Jua linawaka Kigali nzima na sisi tunapangusa kioo kikavu. Mama ameshika mkanda kwa mikono miwili. Dadangu huko nyuma anapiga kelele, "Baba, kulia! Kaa kulia!"

Hiyo ndiyo siku yetu ya kwanza Rwanda. Tulikuja na basi kupitia Kampala, na pale Gatuna ukishavuka mpaka tu, basi linahama upande wa barabara. Kesho yake asubuhi tukachukua gari la kukodi, nimelipa na pesa ya video zangu (ndiyo, hizo hizo mnazosema hazina maana). Usukani kushoto, indiketa iko pale mkono wa Baba umezoea waipa. Raundabauti ya kwanza tuliizunguka mara tatu kwa sababu mzee aliogopa kutoka.

Upande wa barabara ni historia, msidhani ni mambo ya trafiki tu. Sisi na Waganda tunaendesha kushoto kwa sababu ya Mwingereza. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia kwa sababu ya Mbelgiji, ambaye aliichukua Rwanda kutoka kwa Wajerumani 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wakubwa hao waliondoka zamani, lakini babangu, 2024, bado anatoka jasho kwenye raundabauti yao.

Hapo ndipo nilitaka kuishia. Kisha tukaenda Gisozi.

Pale kwenye ukumbusho wa mauaji ya kimbari wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Nyinyi mmesoma hizo namba, hata mimi nilikuwa nazijua. Kilichomsimamisha Baba si namba. Ni vitambulisho. Kadi za kawaida tu, picha ya mtu, jina, na mahali pameandikwa kabila. Mama na dadangu walishatangulia, yeye bado yuko pale.

Sasa nisikilizeni, na msiniite profesa, chuo niliacha mwaka wa pili. Wabelgiji hawakubuni majina ya Mhutu, Mtutsi na Mtwa. Yalikuwepo. Lakini zamani mtu akipata ng'ombe wengi, ukoo wake ungeweza polepole kuhesabiwa upande ule mwingine. Miaka ya 1930 Mbelgiji akahesabu watu, akawapa kadi, na kwenye kadi akaandika kila mtu ni nani. Mlango ukafungwa. Mtoto akazaliwa ndani ya neno la babake. Uhuru ulikuja 1962 na kadi ikabaki. 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, swali la kwanza lilikuwa hilo: toa kitambulisho. Baada ya hapo ndipo serikali mpya ikaondoa kabila kwenye kadi.

Najua kuna mtu ataandika hapo chini, "Hayo ni ya Rwanda, sisi kadi yetu haina kabila." Mazee, tulia. Sisi tulianza na kipande. Sheria yake ni ya 1915, ikaanza kazi baada ya vita, na mwanamume Mwafrika alitembea nacho shingoni ndani ya kikebe cha bati kama kengele ya mbuzi. Harry Thuku alikamatwa 1922 kwa kupinga mambo kama hayo, na watu waliokwenda kumdai Nairobi wakapigwa risasi. Kitambulisho cha babangu leo hakina kabila, ni kweli. Kina majina yake matatu, wilaya aliyozaliwa, hadi lokesheni. Mkenya anahitaji nini kingine? Mimi sijawatajia kabila letu hapa, lakini wengi wenu mlishalikisia kwa jina langu siku mliyonifuata.

Mchana tukatoka mjini kuelekea Muhanga. Barabara safi, milima kila upande, unavuka mto Nyabarongo na maji yake ya matope. Mbele kidogo polisi akatupungia mkono. Baba akasimama vizuri kabisa, upande sahihi, mara ya kwanza siku nzima.

"Habari, mzee. Leseni tafadhali." Kiswahili safi.

Baba akatoa leseni, na juu yake akaweka kitambulisho, ambacho hakuna mtu alikuwa ameomba. Mkono unatetemeka. Yule afande akaangalia leseni, akamrudishia kadi bila hata kuisoma. "Hii weka tu, mzee. Endesha polepole."

Tulienda kama kilomita mbili. Baba akaegesha kando, akazima gari.

Januari 2008 alikuwa anarudi kutoka Eldoret. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, najua tu kwamba hakuwahi tena kushika ile ruti, na nyumbani tuliambiwa ni kwa sababu ya barabara mbovu. Haikuwa barabara. Walifunga njia kwa mawe na magogo, wakaomba vitambulisho. Yeye alitoa chake, wakasoma, wakamrudishia, wakamwambia, "Endelea, mzee." Makanga wake alitoa chake. Hicho hawakurudisha.

"Waliniambia niendelee," Baba akasema. "Na mimi nikaendelea."

Mama alikuwa anajua. Niliona kwa vile hakugeuka, aliweka tu mkono kwenye bega la mzee. Dadangu akauliza huyo makanga aliitwa nani, na Baba akataja jina, yote matatu, kama yalivyoandikwa kwenye kadi. Anamjua mamake. Hajawahi kwenda kwake.

Video ya waipa sitaiweka. Tulikaa pale hadi magari yakaanza kuwasha taa, kisha Baba akawasha injini, akaangalia nyuma, na kabla hajaingia barabarani akaniuliza, "Ni upande gani tena?"