Dawa ya Deni ni Kulipa: Historia Fupi ya Chama cha Madaktari Kenya

Mwaka 2026 Chama cha Madaktari, Wafamasia na Madaktari wa Meno Kenya, kinachojulikana zaidi kwa herufi zake KMPDU, kinatimiza miaka 15 tangu kisajiliwe. Tukikilinganisha na vyama vingine vya wafanyakazi nchini, hiki bado ni kijana. Walimu walikuwa na KNUT tangu 1957, miaka sita kabla ya uhuru. Lakini katika umri huo mdogo chama cha madaktari kimegusa kila hospitali ya umma, kuanzia Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta hadi hospitali ya kaunti ndogo ambako madaktari wachache hupokezana zamu usiku na mchana.

Historia yake inaweza kusimuliwa kama historia ya mkataba mmoja: ulivyodaiwa, ukaandikwa, ukatiwa saini, ukakataliwa, ukaandikwa upya, na hadi leo unavyofuatiliwa kifungu kwa kifungu. Anayetaka kujua kwa nini daktari wa Kenya anapata posho ya kuitwa usiku, kwa nini ana bima, au kwa nini mwanagenzi anadai kiasi fulani cha mshahara wala si kingine, hana budi kuufuata mkataba huo tangu mwanzo.

Madaktari bila chama

Kwa miongo mingi madaktari walikuwa na Muungano wa Madaktari Kenya, KMA, ulioanzishwa 1968. Huo ulikuwa na bado ni muungano wa kitaaluma. Ulishughulikia elimu, maadili na hadhi ya udaktari, lakini haukuwa na mamlaka ya kisheria ya kuketi mezani na mwajiri kujadili mishahara na mazingira ya kazi.

Mwaka 1994 madaktari wa serikali waliamua kwamba hali hiyo haitoshi. Waliomba kusajili chama cha wafanyakazi, na serikali ya Rais Daniel arap Moi ikakataa. Madaktari wakaweka zana chini kwa zaidi ya siku 100. Mwishowe mgomo ulizimwa na chama hakikusajiliwa. Wapo waliorudi wodini kimya kimya, na wapo walioondoka kwenda kufanya kazi kusini mwa Afrika na Ulaya. Hasara ya kuondoka kwao haikuandikwa katika bajeti yoyote, ila wananchi waliilipa kwa miaka mingi kwa kusafiri mbali kumtafuta daktari bingwa.

Mlango ulifunguliwa na Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, mazingira bora ya kazi, kujiunga na chama na kugoma. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Madaktari walivisoma vifungu hivyo viwili kwa pamoja, nao walikuwa sahihi kufanya hivyo. Mgonjwa hawezi kuipata haki ya kifungu cha 43 mikononi mwa daktari aliyenyimwa haki ya kifungu cha 41.

Kuzaliwa na mkataba wa kwanza

KMPDU kilisajiliwa 2011, na kabla mwaka huo haujaisha kilikuwa tayari kimeongoza mgomo wake wa kwanza, mwezi Desemba. Mwingine ulifuata Septemba 2012. Waliokuwa wakisikiliza kwa makini waligundua kwamba madai hayakuwa ya mishahara pekee. Madaktari walizungumzia wodi zisizo na glavu, vyumba vya upasuaji vilivyokosa vifaa, na madaktari waliokuwa wakisomea ubingwa huku wakifanya kazi ya hospitali nzima bila malipo. Tangu hapo chama kimekuwa kikiikumbusha serikali ahadi ya Abuja ya mwaka 2001, ambapo viongozi wa Afrika waliafikiana kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya.

Juni 2013 mkataba wa pamoja, au CBA kama kila mtu hospitalini anavyouita, ulitiwa saini kati ya chama na Wizara ya Afya. Ulikuwa na nyongeza za mishahara, utaratibu wa kupandishwa vyeo, ajira ya madaktari zaidi na fedha za utafiti. Kwa vijana waliokuwa wameongoza chama kwa chini ya miaka miwili, hiyo ilikuwa hatua kubwa.

Hata hivyo wakati ulikuwa mgumu. Ugatuzi ulikuwa ndio kwanza unaanza, na muda mfupi baada ya saini kukauka, huduma za afya zilihamishiwa serikali 47 za kaunti. Wizara iliyoahidi haikuwa tena mwajiri wa madaktari wengi, na magavana waliokuwa waajiri wapya walisema hawakuahidi chochote. Serikali nayo ikadai kwamba Tume ya Mishahara na Marupurupu haikushirikishwa ipasavyo. Mkataba ukakaa bila kusajiliwa mahakamani na bila kutekelezwa. Miaka mitatu ilipita hivyo, vyeo vikikwama na mishahara katika baadhi ya kaunti ikichelewa.

Siku 100

Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wa hospitali za umma waligoma nchi nzima. Mabango yao yalibeba maneno ambayo Wakenya hawajayasahau: “Lipa kama tender.” Maana yake kila mtu aliielewa. Kama serikali hupata fedha za kumlipa mwanakandarasi kwa wakati, basi ipate pia za kuheshimu saini iliyomwekea daktari.

Tarehe 13 Februari 2017 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliwapeleka jela viongozi saba wa chama kwa mwezi mmoja, kwa kosa la kukaidi amri ya kusitisha mgomo. Miongoni mwao walikuwa Mwenyekiti Dkt. Samuel Oroko na Katibu Mkuu Dkt. Ouma Oluga. Siku mbili baadaye Mahakama ya Rufaa iliwaachilia ili mazungumzo yaendelee. Viongozi wa dini waliingia kati, na tarehe 14 Machi 2017, siku ya 100 ya mgomo, makubaliano ya kurejea kazini yalitiwa saini.

Ni lazima tuseme wazi kwamba siku hizo 100 ziliwaumiza Wakenya maskini kuliko wote. Mwenye uwezo alikwenda hospitali ya binafsi. Asiye na uwezo alirudi nyumbani na ugonjwa wake. Madaktari wenyewe wanaijua gharama hiyo kuliko mtu mwingine, maana ndio waliorudi wodini kukutana na wagonjwa waliokuwa wamechelewa kutibiwa. Ndiyo sababu inauma zaidi kukumbuka kwamba mgomo ule ulihusu karatasi iliyokuwa imetiwa saini miaka mitatu na nusu kabla. Kama ingeheshimiwa, siku hizo zisingekuwapo.

Mkataba unavyofanya kazi wodini

Mwaka huohuo wa 2017 mkataba mpya, wa kipindi cha 2017 hadi 2021, ulitiwa saini. Huo ndio unaotajwa hadi leo katika kila mzozo wa madaktari na waajiri wao, na inafaa kueleza unavyomgusa daktari wa hospitali ya kawaida ya kaunti.

Kwanza ni malipo na vyeo. Daktari akiajiriwa anajua anaanzia daraja gani na atapanda lini. Zamani mtu angeweza kukaa cheo kimoja mwaka baada ya mwaka kwa sababu hakuna aliyeitisha kikao cha kumpandisha. Leo kucheleweshwa huko ni uvunjaji wa mkataba, na tawi la chama linaweza kuandika barua ya madai yenye kifungu cha kutaja.

Pili ni zamu. Daktari anayeitwa saa nane za usiku kumfanyia mama upasuaji wa uzazi analipwa posho ya dharura. Posho hiyo inatambua kwamba hospitali hailali, na kwamba anayeifanya isilale ana familia na mwili unaochoka.

Tatu ni masomo. Hakuna kaunti itakayopata daktari bingwa wa watoto au wa mifupa kama haimruhusu daktari wake kwenda kusoma huku akiendelea kupokea mshahara. Likizo ya masomo ni faida ya mfanyakazi, lakini matunda yake huvunwa na wagonjwa wa kaunti hiyo kwa miaka thelathini ijayo.

Nne ni ulinzi wa afya ya daktari mwenyewe. Hapa mkataba unaungana na sheria za nchi. Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mama na wiki mbili kwa baba, zote kwa mshahara kamili, pamoja na likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, WIBA, ya mwaka huohuo, inamlazimu mwajiri kuwakatia wafanyakazi bima, na inaweka fidia ya mapato ya miezi 96 kwa familia ya aliyekufa kwa ajili ya kazi. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri kutenga mahali pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa.

Vifungu hivi si mapambo. Muuguzi au daktari aliyechomwa na sindano iliyotumika anahitaji kuanza dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72. Anahitaji pia kuwa alichanjwa homa ya ini aina ya B kabla hajaguswa na damu ya mtu. Hospitali yenye utaratibu huo ulioandikwa, unaojulikana na kila mhudumu wa zamu ya usiku, humlinda mfanyakazi wake. Isiyo nao humwacha aanze kuuliza simu ya nani ipigwe huku saa zikipita.

Korona

Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Julai mwaka huo Kenya ilimpoteza daktari wa kwanza kwa ugonjwa huo. Desemba alifariki mwingine, kijana wa miaka 28, aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa korona. Kabla ya kufa alikuwa amefanya kazi miezi mitano bila mshahara, na hakuwa na bima ya afya.

Kifo hicho kiliwashtua Wakenya, na madaktari waliitisha mgomo mwezi huohuo. Madai yalikuwa ya msingi kabisa: mavazi ya kujikinga, bima kwa kila mhudumu, fidia kwa familia za waliokufa, na mishahara kwa walioajiriwa kwa mikataba ya muda chini ya mpango wa afya kwa wote. Korona ilionyesha tofauti ya kutisha kati ya watu wawili wanaofanya kazi ileile katika wodi moja. Mmoja ameajiriwa kwa masharti ya kudumu na ana kila kinga ya mkataba. Mwingine ana kandarasi ya muda na hana chochote. Virusi havikuangalia barua ya ajira ya mtu.

Wanagenzi

Mzozo mkubwa wa miaka ya karibuni ulihusu wale wadogo zaidi katika taaluma. Mkataba wa 2017 ulimweka daktari mwanagenzi katika kiwango cha shilingi 206,400 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ilitaka kulipa shilingi 70,000. Tarehe 29 Februari Katibu Mkuu Dkt. Davji Atellah alijeruhiwa kichwani na mkebe wa gesi ya kutoa machozi wakati wa maandamano Nairobi, na katikati ya Machi mgomo ukaanza. Ulidumu siku 56, hadi tarehe 8 Mei, na suala la wanagenzi likaachwa kiporo. Ni mwishoni mwa Desemba 2024, mgomo mwingine ukiwa mlangoni, ndipo serikali ilipokubali kuheshimu kiwango cha mkataba.

Wapo waliouliza kwa nini vijana ambao ndio kwanza wametoka chuoni wadai fedha nyingi hivyo. Jibu liko wodini. Mwanagenzi ndiye anayempokea mgonjwa usiku, ndiye anayemtoa damu, anayeandika faili, anayekimbilia chumba cha upasuaji na kurudi. Bila yeye hospitali nyingi za umma zingefunga milango jioni. Na zaidi ya hapo, mkataba unaopunguzwa kwa mdogo leo utapunguzwa kwa mkubwa kesho.

Miaka 15 ijayo

Deni halijaisha. Mwaka 2025 madaktari wa Kaunti ya Kiambu waligoma kwa takriban miezi mitano, na hoja zao zilifanana na za 2016. Hilo linaonyesha kwamba kazi ya kuandika mkataba imekamilika zaidi kuliko kazi ya kuutekeleza, na hapo ndipo nguvu za chama zinapaswa kuelekezwa sasa.

Yako mambo yanayowezekana bila mgomo wowote. Kila kaunti iweke tarehe ya mshahara na kuitimiza. Kila daktari wa kandarasi apewe bima kabla hajapangiwa zamu ya kwanza. Kila hospitali ibandike utaratibu wa ajali ya sindano mahali panapoonekana. Kila mwanagenzi anaporipoti apokee nakala ya CBA pamoja na koti lake jeupe, ili ajue haki zake na wajibu wake siku hiyohiyo. Na magavana wakae na matawi ya chama wakati wa kupanga bajeti, kabla ya madai kuwa malimbikizo.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kwa miaka 15 KMPDU kimeidai dawa hiyo kwa sauti, na waliofungwa, waliojeruhiwa na waliokufa kazini wameilipia gharama kubwa. Heshima inayowastahili katika maadhimisho haya ni waajiri kutekeleza kile walichotia saini, kwa wakati, hata pale ambapo hakuna anayewatishia kwa mgomo.