Tumbaku ya Mashariki: Ladha, Majina na Watu Wake

Neno "tumbaku" limekaa katika Kiswahili muda mrefu hata wanafunzi wetu hawaulizi lilitoka wapi. Mmea wenyewe ni wa Amerika, na haukujulikana Ulaya, Asia wala Afrika kabla ya mwisho wa karne ya 15. Wareno waliuita tabaco. Waajemi wakasema tanbaku, na Wahindi tambaku. Neno letu linafanana zaidi na hayo ya Uajemi na Uhindi kuliko la Kireno, na kwa mtu anayeijua historia ya biashara ya Bahari ya Hindi jambo hilo si la ajabu.

Makala haya yana shabaha ya kueleza aina moja ya tumbaku ambayo wafanyabiashara wa Ulaya waliipa jina la "tumbaku ya Mashariki", au "ya Kituruki". Wavuta kiko wa Ulaya wameisifu kwa harufu yake kwa zaidi ya karne moja. Kwetu sisi walimu wa lugha, hata hivyo, lenye kuvutia zaidi ni majina yake: Yenidje, Samsun, Basma, Latakia. Majina hayo yamedumu kuliko dola iliyoyazaa, na anayeyachunguza hukuta ndani yake habari za wakulima, madeni, vita na uhamisho, ambazo harufu nzuri haimwambii mvutaji.

Jani na tabia yake

Tumbaku hii hulimwa katika nchi zilizokuwa chini ya Dola ya Osmani ya Waturuki: Uturuki yenyewe, Ugiriki ya kaskazini, Bulgaria, Makedonia na Shamu. Msomaji aliyewahi kuona tumbaku ya mvuke ya Tabora, yenye majani mapana yanayokaushwa ndani ya mabani kwa joto la moto, atashangaa kuliona jani la Mashariki. Ni dogo, na katika aina nyingine halizidi kiganja cha mkono. Hupandwa kwa kubanana, katika ardhi ya mawe isiyo na rutuba nyingi, na aghalabu bila ya kumwagiliwa maji. Ufukara huo wa ardhi ndio siri ya utamu wake. Mmea usioshiba hautoi jani kubwa, bali hukusanya mafuta na utomvu wenye harufu katika jani dogo. Kadhalika, nikotini yake huwa kidogo kuliko ya tumbaku nyingi nyingine.

Kazi yake ni ya mikono tupu. Majani huchumwa moja moja, kuanzia ya chini ya shina, alfajiri kabla jua halijawa kali. Kisha hutungwa kwenye uzi kwa sindano, na kuanikwa juani. Familia nzima hushiriki, wazee na watoto. Baadhi ya majina ya biashara yametokana na kazi hiyo ya mikono wala si na ladha. Basma kwa Kituruki ni kitu kilichokandamizwa, kwa sababu majani yake hupangwa na kushindiliwa katika marobota. Bashi Bagli maana yake ni "iliyofungwa kichwa", kwa kuwa majani yake yenye vikonyo hufungwa pamoja upande wa juu.

Ladha hutofautiana kwa mahali. Ya Izmir, ambayo Wazungu waliiita Smyrna, husifiwa kwa utamu na ulaini. Ya Samsun, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, ni nyororo na yenye harufu ya taratibu. Ya Xanthi na Yenidje, huko Trakia, ina manukato makali pamoja na uchachu kidogo unaowakumbusha wajuzi mvinyo. Aghalabu majani haya hayavutwi peke yake katika kiko. Mchanganyaji huyatumia kama mpishi anavyotumia bizari katika pilau: mchele ni tumbaku ya Virginia, yenye sukari na wingi, majani ya Mashariki ni iliki na mdalasini, machache, lakini pasipo hayo chungu kizima hakina jina.

Moshi wa Latakia

Latakia ni bandari ya Shamu, na tumbaku iliyoitwa kwa jina lake haifanani na nyingine. Rangi yake ni nyeusi, na harufu yake ni ya moshi, ngozi na ubani. Haikuzaliwa hivyo shambani. Katika milima iliyo nyuma ya mji huo, nchi ya Waalawi, wakulima waliyatundika majani makavu ndani ya nyumba na kuyafukiza kwa moshi wa kuni kwa majuma mengi. Waarabu wakaiita Abu Riha, yaani baba wa harufu. Yasemekana kwamba jambo hilo lilianza kwa bahati tu, mavuno yalipoachwa darini wakati wa baridi, juu ya moto wa nyumbani. Hii ni hadithi ya wafanyabiashara, na hadithi za aina hiyo hupendwa kuliko kuthibitishwa. Lakini tendo la kufukiza lenyewe si geni kwetu, kwani tumbaku ya moshi ya Songea hukaushwa kwa njia iliyo jamaa na hiyo.

Volney, msafiri Mfaransa aliyezuru Shamu katika miaka ya 1780, aliandika kwamba tumbaku ya Latakia ilipelekwa Dimyati katika Misri, na jahazi zikarudi na mchele. Basi kabla mvutaji wa London hajaijua, tumbaku hiyo ilikuwa na soko lake katika Mashariki yenyewe. Baadaye Wazungu wakaihitaji kwa wingi, na kuni nazo zikahitajika kwa wingi. Misitu ya milima ile ilipungua, na katika karne ya 20 kazi hiyo ikafifia Shamu na kushika nguvu Kupro. Huko hutumiwa mbegu ya asili ya Izmir, ikafukizwa kwa kuni na vichaka vya kisiwani. Ladha ikabadilika, lakini jina halikubadilika: Latakia ya Kupro haijapata kuuona mji wa Latakia.

Marufuku na madeni

Watawala wa Osmani hawakuipenda tumbaku hapo mwanzo. Mwaka 1633, baada ya moto mkubwa kuteketeza sehemu ya Istanbul, Sultani Murad wa Nne aliipiga marufuku na kuwaua waliokaidi. Watu waliendelea kuvuta kwa siri. Mwanachuoni Katip Çelebi, katika kitabu chake cha mwaka 1656 kiitwacho Mizanü'l-Hakk, aliyapima mabishano ya wakati wake juu ya kahawa na tumbaku, akaona kwamba mazoea yaliyokwisha kuota mizizi hayang'olewi kwa amri tupu. Hatimaye serikali iliona kuwa tumbaku iliyohalalishwa huleta kodi.

Kodi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa rehani. Dola ya Osmani ilikopa Ulaya hata mwaka 1875 ikashindwa kulipa. Mwaka 1881 iliundwa idara ya wadai wa kigeni ya kusimamia madeni, na mwaka 1883 kampuni ya mtaji wa Ulaya, iliyojulikana kwa kifupi kama Régie, ikapewa ukiritimba wa tumbaku. Tangu hapo mkulima hakuweza kulima bila ruhusa yake, wala kuuza ndani ya nchi kwa mtu mwingine. Wengi waligeukia magendo, na walinzi wa kampuni wenye silaha wakawasaka. Maelfu ya watu walipoteza maisha katika mapambano hayo. Ukiritimba huo ulikomeshwa mwaka 1925, baada ya Jamhuri ya Uturuki kuundwa.

Jirani zao Waajemi walilikataa jambo la namna hiyo mapema zaidi. Mwaka 1890 Shah Nasir al-Din alimpa Mwingereza G. F. Talbot haki ya tumbaku yote ya Uajemi kwa miaka 50. Mwezi wa Desemba 1891 ikatangazwa fatwa kwa jina la Mirza Hasan Shirazi, ikiharimisha uvutaji. Nchi nzima ikaziweka chini buruma zake, hata katika jumba la Shah mwenyewe. Mwezi wa Januari 1892 mkataba ukavunjwa. Ushindi huo, lakini, ulikuwa na bei yake: ili kulipa fidia ya pauni 500,000, Uajemi iliingia katika deni lake la kwanza la kigeni.

Mbegu zilizohama pamoja na watu

Tarehe 30 Januari 1923, huko Lausanne, Ugiriki na Uturuki zilikubaliana kubadilishana watu kwa lazima. Kipimo kilikuwa dini, wala si lugha: Wakristo Waorthodoksi wa Anatolia waende Ugiriki, na Waislamu wa Ugiriki waende Uturuki. Kwa jumla watu zaidi ya milioni moja na nusu waliingia katika hesabu ya mapatano hayo, wakiwamo waliokuwa wamekwisha kukimbia vita. Wakulima wa Kiislamu wa Drama na Kavala waliacha mashamba yao. Wagiriki wa Samsun na Bafra waliacha ya kwao. Waislamu wa Trakia ya Magharibi, nchi ya Xanthi na Yenidje, waliruhusiwa kubaki, na wazao wao wameendelea kulima Basma huko.

Waliohama hawakwenda mikono mitupu. Kusini ya Thessaloniki, katika wilaya ya Katerini, wakimbizi waliotoka Bahari Nyeusi walipanda tumbaku ya kwao, na hadi leo aina hiyo huitwa Samsun-Katerini. Jina moja limebeba miji miwili: ule waliofukuzwa na ule uliowapokea. Sijui kama tanzu zetu za fasihi zina neno fupi kuliko hilo la kueleza uhamisho.

Maisha ya wafanyakazi yalibaki magumu. Mwaka 1936 wafanyakazi wa tumbaku wa Thessaloniki waligoma, na tarehe 9 Mei askari wakawafyatulia risasi waandamanaji. Watu 12 waliuawa. Picha ya gazeti ya mama akimlilia mwanawe barabarani ilimfanya mshairi Yannis Ritsos atunge utenzi wake uitwao Epitafios, ambao ni miongoni mwa mashairi mashuhuri ya Kigiriki ya karne hiyo.

Mashariki ya kwenye kopo

Wakati huohuo, Ulaya ilikuwa inauza ndoto. Katika Dresden, Ujerumani, kiwanda cha sigara kilichoitwa Yenidze kilijengwa kati ya miaka 1907 na 1909 kwa sura ya msikiti, chenye kuba la vioo, na dohani lake likafanywa kama mnara wa muadhini. Misri nayo ilipiga marufuku kilimo cha tumbaku mwaka 1890, ila "sigara za Kimisri" zikavuma duniani: zilitengenezwa Kairo na mabwana Wagiriki, kwa majani yaliyoagizwa kutoka nje. Mnunuzi aliamini ananusa Mto Nili, kumbe ananusa vilima vya Makedonia. Neno "Mashariki" lilifunika Wagiriki, Waturuki, Wabulgaria na Waarabu kwa shuka moja.

Faida kwa mwalimu

Kiswahili nacho kina hazina yake katika jambo hili. Leo mwanafunzi anajua kwamba kiko ni chombo cha kuvutia tumbaku, basi. Kamusi za karne ya 19 zinatufundisha zaidi. Kiko kilikuwa hasa kile chombo cha maji. Bori ni kikombe kinachotiwa tumbaku na moto. Digali ni mti unaoshuka kutoka borini hadi majini. Shilamu ni mrija unaofika kinywani. Na sauti ya maji yakibubujika ni malio ya kiko. Watu walioweza kuipa jina hata sauti ya maji hawakuwa maskini wa lugha.

Hatuandiki haya ili kumsifia mtu uvutaji. Madhara yake kwa mapafu na moyo yamekwisha kuthibitishwa, na mwalimu ana wajibu wa kuyasema darasani. Lakini mazoea yanaweza kuachwa bila kuyatupa maneno yake. Walimu wanaofundisha katika wilaya zinazolima tumbaku, kahawa, chai au pamba wanaombwa wawatume wanafunzi kwa wazee, wakaulize jina la kila chombo, kila hatua ya kazi na kila daraja la zao, pamoja na mahali lilikotoka jina hilo. Orodha hizo zikiletwa kwa chama, zitatufaa sana katika kutunga mazoezi ya msamiati na ya historia.