Kiyama, Ufufuo na Kuzimu: Imani ya Kufufuka kwa Wafu katika Nchi ya Uluguru

Lugha ya Kiswahili inayo maneno matatu kwa jambo lile moja ambalo Wakristo hulikiri kila waungamapo imani yao, nayo ni kiyama, ufufuo na ufufuko. Wengi huyatumia kana kwamba ni mamoja. Walakini ayachunguzaye ataona kuwa kila neno limekuja kwa njia yake na limebeba maana yake, na kwamba hitilafu zilizowagawanya wataalamu wa Kanisa kwa karne nyingi zimejificha ndani ya maneno hayo. Wala si hitilafu za vitabuni tu. Katika milima ya Uluguru, ambako watu huhesabu nasaba kwa upande wa mama na kuishi juu ya ardhi ya ukoo, ziligusa swali lililo zito kuliko yote: je, mtu atafufuka peke yake, ama pamoja na wale waliomtangulia?

Yafaa kuanza na maneno yenyewe. Kiyama ni neno la asili ya Kiarabu, lenye shina la kusimama, na lilikuwa limekwisha kuwa la kawaida katika mawaidha na tenzi za pwani kabla misheni hazijafika. Kwa Waislamu siku ya kiyama ndiyo siku ya hesabu, wafu wote watakaposimama mbele ya Mola wao. Wafasiri wa Kikristo hawakuliogopa neno hilo. Waanglikana waliliweka katika Kanuni yao ya Imani, na Biblia ya Umoja iliyotoka mwaka 1952 hutumia kiyama mahali pamoja na ufufuo mahali pengine. Wakatoliki wamezoea kukiri ufufuko. Sasa, ufufuo hutokana na kufufua, tendo linalotaka mtendaji: yuko afufuaye na yuko afufuliwaye. Ufufuko hutokana na kufufuka, na humwonyesha aliyekufa akirudi kuwa hai bila kumtaja aliyemrudisha. Tofauti hii yaonekana ndogo, lakini Agano Jipya lenyewe lina pande hizo mbili. Mtume Paulo aghalabu hunena ya kuwa Mungu ndiye aliyemfufua Kristo. Injili ya Yohana, katika sura ya 10, humfanya Kristo mwenyewe aseme kwamba anao uwezo wa kuutoa uhai wake na kuutwaa tena.

Katika historia ya Kanisa swali la kwanza lilikuwa juu ya mwili. Paulo, katika sura ya 15 ya waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, alitumia mfano wa mbegu: kinachopandwa sicho kile kitakachoota, ingawa hakiachani nacho. Mfano huo ulifasiriwa kwa njia mbili. Origen wa Aleksandria, katika karne ya 3, alishikilia upande wa mabadiliko, akafundisha kuwa mwili utakaofufuka utakuwa wa namna nyingine, ufaao mbinguni. Agostino, katika kitabu cha mwisho cha Mji wa Mungu, alishikilia upande wa umoja, yaani kwamba nyama hii hii ndiyo itakayofufuka, hata kama imeoza au imeliwa na wanyama. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 uliamua kuwa wote watafufuka na miili yao wenyewe waliyo nayo sasa.

Swali la pili lilikuwa juu ya muda ulio kati ya kifo na siku ya mwisho. Mwaka 1336 Papa Benedikto wa 12 alitangaza kuwa roho za watakatifu humwona Mungu mara baada ya kufa na kutakasika, kabla hazijarudishiwa miili. Luther alipenda kukiita kifo usingizi. Calvin alitunga kitabu kizima kuwapinga waliosema kwamba roho hulala. Waadventista Wasabato, waliofika Upare mwaka 1903, hufundisha hadi leo kuwa mfu hana fahamu yoyote mpaka atakapoitwa. Katika karne ya 20 mjadala uligeuka tena. Rudolf Bultmann, mwaka 1941, alidai kuwa tukio la Pasaka ambalo mwanahistoria aweza kulishika ni kuzuka kwa imani ya wanafunzi tu. Oscar Cullmann, katika mhadhara wa mwaka 1955 huko Harvard, alijibu swali jingine: alionya kuwa kutokufa kwa roho ni wazo la Wayunani, na kwamba tumaini la Mitume lilikuwa kufufuliwa kwa mtu mzima.

Waluguru hawakuyasubiri mabishano hayo ndipo wawe na habari za wafu. Kwao mtu aliyekufa hakutoka katika ukoo. Alihesabiwa miongoni mwa mizimu, akakumbukwa kwa tambiko, akaombwa mvua, afya na uzazi, na ikiwa alipuuzwa aliweza kuwadhuru walio hai. Hata majina yalishuhudia jambo hilo. Kingalu wa Kinole, mkuu mwenye sifa ya kuleta mvua, hafi kwa jina lake: anayerithi kiti hurithi na jina, naye huwa Kingalu. Hapo kurudi kwa mfu hakungoji mwisho wa dunia, bali huonekana katika mrithi, nao ukoo ndio uliohifadhiwa na kifo, wala si mtu mmoja mmoja.

Katika milima hiyo hiyo lilikuwako pango la Kolelo, lililoendewa na watu wa Uluguru na Uzaramo kuomba mvua na mavuno. Mwaka 1905 zilienea habari, ambazo mmisionari Martin Klamroth wa Misheni ya Berlin aliziandika baadaye, kwamba Kolelo amekataza watu wasiwalipe Wajerumani kodi. Wakati huo Kinjikitile wa Ngarambe, katika nchi ya Wamatumbi, alikuwa akiwagawia watu maji ya vita. Katika masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na G.C.K. Gwassa na wenzake katika miaka ya 1960 husikika kuwa walioendea Ngarambe walitumaini kukutana na jamaa zao waliokufa. Kinjikitile alinyongwa na Wajerumani mwezi wa Agosti 1905, na Vita vya Maji Maji viliendelea mpaka 1907. Mtu aweza kusema kuwa tumaini hilo lilikuwa la uongo, kwa kuwa wafu hawakurudi na risasi hazikugeuka maji. Hata hivyo lafunua jambo moja: watu wa nchi hiyo walipowaza juu ya kurudi kwa wafu, waliwaza juu ya jamaa nzima na juu ya nchi hii hii.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, walikuwa wamekwisha kufika Morogoro katika miaka ya 1880 na Matombo mwaka 1897. Katekisimu yao ilimfundisha mtu kuwa ana roho yake, dhambi zake na hukumu yake. Mafundisho haya yalimpa mtu heshima kubwa, kwa maana hata mtumwa aliyekombolewa, asiye na ukoo wa kumtambikia, aliahidiwa ufufuko wa mwili wake. Kwa watumwa wa Bagamoyo hiyo ilikuwa habari njema kweli kweli. Lakini kwa Mluguru mwenye ukoo ahadi ile ile ilikuwa na makali yake. Ikiwa ubatizo ndio mlango, ni nini hali ya mama wa mama yake, aliyekufa kabla padre wa kwanza hajapanda mlimani? Ufufuo ukimpeleka mbinguni na kumwacha yule nje, utakuwa umeutenga ukoo kuliko kifo kilivyoweza kuutenga.

Hapo madhehebu yaliachana. Wakatoliki walikuwa na siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, na Misa za kuwaombea wafu, hivyo kamba kati ya walio hai na waliokufa haikukatwa kabisa, ingawa matambiko yalikatazwa. Walutheri walikataa sala za namna hiyo, wakamwachia Mungu peke yake habari za marehemu. Wote wawili, hata hivyo, walikuwa na neno moja katika lugha waliyofundishia ambalo lingaliweza kuwasaidia, nalo ni kuzimu. Ukristo hunena kuwa Kristo kabla ya kufufuka alishuka kwa wafu, na Wakatoliki wakikiri kwa Kiswahili husema kuzimu. Neno hilo ni la ukoo mmoja na mzimu. Basi kwa masikio ya Mswahili na ya Mluguru, Kristo alikwenda pale pale walipo wazee. Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 3, huongeza kuwa aliwahubiri roho waliokuwa kifungoni. Kwa hiyo lugha ilikuwa imekwisha kuweka jibu ambalo katekisimu ililisita. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilikaribia mwaka 1964, ulipokubali kuwa wasioijua Injili bila kosa lao waweza kuupata wokovu.

Wataalamu wa Afrika Mashariki waliendeleza jambo hilo kwa njia mbalimbali. John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha 1971 juu ya mambo ya mwisho, alidai kuwa Wakamba walifundishwa habari za siku ya mwisho kwa lugha wasiyoweza kuipima, kwa kuwa wakati kwao ulielekea Zamani kuliko siku zijazo. Wengi walimpinga, wakisema kuwa mtu apandaye mbegu na kuoza binti hawezi kukosa wazo la siku zijazo, na pingamizi hilo lina nguvu. Charles Nyamiti wa Tanzania, mwaka 1984, alishika njia nyingine kwa kumwita Kristo Mhenga: ndugu aliyekufa, akainuliwa, na sasa yuko karibu na jamaa yake. Hapo ufufuo hauwi wa mtu pekee, maana mhenga bila wazao si mhenga.

Leo mji wa Morogoro una makanisa ya madhehebu mengi, na tangu 2005 una Chuo Kikuu cha Waislamu, ambako kiyama husomwa kwa maana yake ya kwanza. Maneno yote matatu yasikika katika mji mmoja. Anayeshikilia kiyama hukumbusha kuwa iko hesabu, anayeshikilia ufufuo kuwa uhai hutoka kwa mwingine, na anayeshikilia ufufuko kuwa mfu mwenyewe ndiye asimamaye, si kivuli chake. Lakini ukoo wa Uluguru umeongeza sharti ambalo wataalamu wa Laterano na wa Harvard hawakulitaja kwa uzito huo: ufufuo usiomrudisha mtu kwa jamaa yake ni nusu ya ufufuo. Elimu ya dini itakayoandikwa kwa Kiswahili haina budi kulijibu sharti hilo, na yafaa ianzie pale lugha ilipoanzia, yaani kuzimu.