Suzuki SV650: huduma na matengenezo ya nyumbani

SV650 ni pikipiki ya ukubwa wa kati ambayo kampuni ya Suzuki ya Japani ilianza kuiuza mwaka 1999. Injini yake ina cc 645 na silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la V la nyuzi 90. Kila silinda ina kamshafti mbili na valvu nne, na injini nzima hupozwa kwa maji. Pembe hiyo ya nyuzi 90 hufanya mtikisiko mkuu wa pistoni zote mbili uweze kuzimwa na uzito wa kusawazisha ulio kwenye kranki, kwa hiyo wabunifu hawakuhitaji kuongeza shafti ya kutuliza mtikisiko.

Miundo ya 1999 hadi 2002 hutumia kabureta. Kuanzia 2003 mafuta hupulizwa kwa injekta, na mwaka 2007 kila silinda ilipewa plagi mbili. Mwaka 2009 injini ilihamia kwenye pikipiki iliyoitwa Gladius, kisha mwaka 2016 jina SV650 likarejea. V-Strom 650, pikipiki ya safari ndefu, imetumia injini hiyohiyo tangu 2004. Kwa sababu hiyo vipuri ni vingi, hata vilivyotumika, na ujuzi uliopatikana kwenye pikipiki moja hufaa kwa nyingine.

Katika Uingereza na Marekani SV650 imekuwa shule ya matengenezo kwa maelfu ya wenye pikipiki wasio mafundi, na inastahili sifa hiyo. Kwenye miundo ya awali tangi la petroli hufunguliwa kwa mbele, likainuliwa kama boneti ya gari na kushikiliwa kwa fimbo inayohifadhiwa chini ya kiti. Mtu hufika kwenye sanduku la chujio la hewa na silinda ya nyuma bila kumwaga petroli wala kung'oa mabomba.

Vifaa

Seti nzuri ya spana na soketi za milimita, funguo za pembe sita, stendi ya kuinua gurudumu la nyuma, malitimita, fila geji na spana ya torki. Hiki cha mwisho si anasa. Bolti nyingi za injini huingia kwenye alumini, na uzi wa alumini ukishakatika, kazi ya nusu saa hugeuka ya wiki nzima. Kitabu cha huduma cha kiwanda kinahitajika pia.

Nafasi za valvu

Kazi hii ndiyo inayowatisha wengi, na ndiyo mtu anayoweza kutozwa pesa nyingi kuliko zote za huduma ya kawaida. Kiwanda kinaagiza nafasi zikaguliwe kila kilomita 24,000. Injini ikiwa baridi kabisa, valvu za kuingiza zinatakiwa kuwa na nafasi ya milimita 0.10 hadi 0.20, na za kutolea moshi milimita 0.20 hadi 0.30. Nafasi ikipungua mno, valvu haikai vizuri kwenye kiti chake. Mgandamizo hupotea na valvu ya moshi huanza kuungua. Hatari yake ni kwamba haipigi kelele. Valvu iliyolegea hugonga na kusikika, lakini iliyokaza huwa kimya hadi uharibifu uwe umeshatokea.

Katika pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zinazobeba abiria Afrika Mashariki, nafasi hurekebishwa kwa skrubu na nati, na fundi wa kijiweni huimaliza kwa muda mfupi. SV650 haina skrubu hiyo. Nundu ya kamshafti hukandamiza kikopo cha chuma, na chini ya kikopo kuna shimu, kisahani kidogo kilichowekwa juu ya shina la valvu. Kubadilisha nafasi ni kubadilisha unene wa shimu, na shimu haitoki mpaka kamshafti iondolewe.

Hata hivyo kupima hakuhitaji kuondoa kamshafti, na mara nyingi kazi huishia kwenye kupima. Tangi huinuliwa, sanduku la hewa likaondolewa kwa ajili ya silinda ya nyuma, na rejeta ikasogezwa mbele kwa ajili ya silinda ya mbele. Plagi hutolewa ili injini izunguke kwa urahisi. Upande wa kushoto wa injini kuna vifuniko viwili vidogo vya kufunguliwa: kimoja cha kupitishia soketi ya kuzungusha kranki, kingine cha kuchungulia alama. Alama yenye herufi F huonyesha pistoni ya mbele imefika juu, na yenye R ni ya pistoni ya nyuma. Pistoni hufika juu mara mbili katika kila mzunguko kamili wa kazi, kwa hiyo alama peke yake haitoshi. Nundu za kamshafti lazima ziwe zimeelekea mbali na vikopo. Zisipokuwa hivyo, kranki izungushwe mara moja zaidi.

Namba zote nane huandikwa kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote. Valvu ikiwa nje ya kipimo, hesabu yake ni nyepesi: unene wa shimu ya zamani, jumlisha nafasi iliyopimwa, toa nafasi inayotakiwa. Shimu ya 1.70 kwenye valvu ya moshi yenye nafasi ya 0.15, ikitakiwa kufika 0.25, itabadilishwa kwa shimu ya 1.60. Shimu za kiwanda hupishana kwa milimita 0.05. Kabla ya kuondoa kamshafti, kikaza cheni yake hutolewa, alama za gia zake hupigwa picha, na matundu yote hufunikwa kwa kitambaa safi, maana bolti ikidondokea kwenye njia ya cheni inaweza kwenda hadi chini ya injini. Baada ya kurudisha, injini huzungushwa kwa mkono mizunguko miwili mizima na kupimwa upya. Ikikwama popote, isilazimishwe. Kamshafti imekosewa jino.

Plagi ya mbele na maji ya mvua

Ugonjwa huu ni wa SV650 hasa. Silinda ya mbele inatazama gurudumu, na plagi yake imekaa ndani ya shimo nyuma ya rejeta. Mvua ikinyesha, gurudumu hurusha maji na tope moja kwa moja kwenye shimo hilo. Kiwanda kiliweka tundu dogo la kutolea maji, lakini huziba kwa uchafu. Maji yakijaa, cheche hukimbilia kwenye chuma badala ya kuruka kwenye plagi, na pikipiki hubaki ikivutwa na silinda moja, mara nyingi katikati ya barabara kuu. Wengi wamebadilisha koili na hata kabureta bila sababu. Dawa ni kuzibua tundu kwa waya mwembamba, kupaka grisi ya silikoni kwenye kofia ya plagi, na kurefusha madigadi ya mbele kwa kipande cha plastiki.

Oili

Hubadilishwa kila kilomita 6,000, daraja la 10W-40. Klachi imo ndani ya oili hiyohiyo ya injini, kwa hiyo oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano huifanya iteleze. Alama ya kutafuta kwenye chupa ni JASO MA.

Cheni

Ulegevu wake ni milimita 20 hadi 30, ukipimwa katikati ya upande wa chini. Cheni iliyokazwa kupita kiasi huua beringi za sproketi upesi kuliko iliyolegea.

Umeme

Betri iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6, na injini ikiongezwa mafuta inatakiwa kuzidi volti 13.5. Isipozidi, regyuleta, stata na viunganishi vyake vipimwe kabla ya kununua betri mpya. Kwenye miundo ya injekta ya 2003 na kuendelea, kuna kiunganishi chini ya kiti: pini mbili zikiunganishwa kwa waya, dashibodi huonyesha namba za hitilafu, na C00 humaanisha hakuna hitilafu.

Breki na shokapu

Maji ya breki, DOT 4, hubadilishwa kila miaka 2. Shokapu za mbele za kiwandani ni laini.

Hali ya sasa

SV650 za kabureta bado hushindanishwa katika mbio za vilabu vya Uingereza zinazoitwa Minitwins. Mwaka 2023 Suzuki ilileta pia pikipiki nyingine ya ukubwa wa kati, GSX-8S, ambayo badala ya umbo la V ina injini ya silinda mbili sambamba ya cc 776.