Mulago na Makerere: Sifa Iliyoanzia Wodini

Kila orodha mpya ya vyuo bora barani Afrika inapotoka, marafiki wa Chuo Kikuu cha Makerere hukimbilia kutafuta nafasi ya shule yetu ya udaktari. Furaha hiyo ni halali, ila sifa ya shule hii ilizaliwa wodini, katika hospitali ya Mulago, na huko ndiko ipimwe. Sir Albert Cook, mmisionari aliyekwisha kuanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, ndiye aliyeasisi Mulago mwaka 1913 kwa ajili ya magonjwa ya zinaa. Shule ya udaktari ikafuata mwaka 1924, na vijana wa Uganda, Kenya na Tanganyika wakaja kusomea pale, akiwemo Vedastus Kyaruzi, baadaye rais wa chama cha TAA (Tanganyika African Association). Mwaka 1957 Hugh Trowell, bingwa wa utapiamlo wa watoto, alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto aliyevimba taya zote mbili, kulia na kushoto. Muda si mrefu, akiwa Jinja, Burkitt alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule, amekaa na mamaye. Hakupumzika tena. Alipekua kumbukumbu za wagonjwa, na mwaka 1961 akasafiri kwa gari na wenzake wawili hadi Afrika Kusini, karibu kilomita 16,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali uvimbe huo unaonekana wapi. Vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London ndivyo vilivyowapa mtafiti Epstein na wenzake, mwaka 1964, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Mwaka 1972 Burkitt na John Ziegler, mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Saratani iliyofunguliwa Mulago mwaka 1967, walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Lasker kwa kutibu uvimbe huo kwa dawa. Wapo watakaosema tuzo ile ni ya watu binafsi, tena wageni. Majina ni yao, kweli; lakini dawa zilithibitika kwa watoto wa wodi zile, mikononi mwa wauguzi wa Uganda, na miaka ilipokuwa migumu wageni wakaondoka, Charles Olweny ndiye aliyeiongoza taasisi isifungwe. Wengine watasema orodha huleta fedha na wanafunzi. Nakubali, ila orodha ya vyuo ya Shanghai, kwa mfano, huhesabu Nobel na makala za majarida mawili makubwa. Mtoto aliyepona hana safu yake pale.

Yaliyofuata Mulago ni mengi: utafiti wa dawa ya nevirapine wa mwaka 1999, uliopunguza karibu nusu ya maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza, 2004, upandikizaji wa figo, Desemba 2023. Wanaoandaa maadhimisho yajayo waandike kwanza majina ya wauguzi wa wodi ya saratani, ndipo wabandike namba ya orodha ya mwaka huu.