Namba Nane: Historia ya Maji na Meno Chini ya Mlima Meru

Mtu aliyekulia Ngarenanyuki, Oldonyosambu au Maji ya Chai hutambulika pindi anapocheka. Meno yake yana mabaka ya kahawia, pengine yamemeguka ncha, na popote aendapo nchini, iwe Mtwara au Dar es Salaam, hakosi kuulizwa kama ni mtu wa Arusha. Wengi wamelizoea swali hilo. Wapo pia waliojifunza tangu shuleni kufunika mdomo kwa kiganja wanapozungumza na mgeni. Na wapo ambao jambo halikuishia mdomoni: miguu iliingia matege wakiwa wadogo, na walipofika utu uzima mgongo na shingo vikakakamaa hadi kugeuka kumtazama anayewaita ikawa kazi.

Kinachofanya hayo ni floraidi, madini yasiyo na rangi, harufu wala ladha ndani ya maji. Kiasi kidogo huimarisha meno. Kikizidi hudhuru meno na mifupa. Jino huharibika likiwa bado ndani ya fizi, katika miaka minane hivi ya kwanza ya mtoto, na likishaota na baka hakuna mswaki wa kuliondoa. Kwa hiyo meno ya kijana wa miaka 20 leo yanaeleza maji aliyopewa akiwa anatambaa, na maamuzi ya waliokuwa madarakani wakati huo.

Nasema maamuzi kwa makusudi. Ni kawaida kusikia kwamba tatizo hili ni la mlima, basi. Ni kweli Meru, wenye urefu wa mita 4,566, ni mlima wa volkano, na mara ya mwisho ulilipuka mwaka 1910. Ni kweli pia kwamba miaka ipatayo 7,800 iliyopita upande wake wa mashariki uliporomoka, tope na mawe vikafunika uwanda wote wa Momella, na udongo ule una floraidi nyingi mno. Maji ya mvua yanayoibuka kwenye chemchemi za juu kwa kawaida huwa mepesi. Kadiri yanavyokaa ndani ya miamba na kuteremka, ndivyo yanavyokusanya madini. Hata hivyo, mlima haukuamua nani akae wapi, wala bomba la nani lianzie chemchemi gani. Hayo yana historia yake.

Wameru na Waarusha walilima mitelemko ya kusini kwa mifereji. Mfereji ulikuwa na wazee wake, zamu zake na faini zake, na mwenye shamba la chini alikuwa na haki ya kudai maji kwa aliye juu. Serikali ya Wajerumani, iliyojenga Boma la Arusha mwaka 1900, iligawa ardhi kubwa kwa walowezi. Makaburu kutoka Afrika Kusini walifika kuanzia mwaka 1904, baadhi wakakaa upande wa kaskazini wa mlima. Mashamba ya walowezi yakawazunguka wenyeji, nao wakabanwa katikati wakizidi kuongezeka.

Mbano huo ndio uliozaa Kesi ya Ardhi ya Meru. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki na Leguruki, nyumba zikachomwa, ili ardhi iwe ya wafugaji wa kizungu. Walitakiwa kwenda Kingori, nao wakakataa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kulalamika mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Kila anayeandika juu ya harakati za uhuru wa Tanganyika huitaja safari hiyo, na ni haki yake. Lakini yako mengine ya kutazama hapa: Ngarenanyuki ni miongoni mwa maeneo yenye floraidi nyingi kabisa kuzunguka mlima. Watu walipoirudia ardhi yao walirudi pia kwenye mto ambao maji yake yalikuwa yanawaumiza, na hakuna serikali, ya kikoloni au ya baadaye, iliyowaambia mapema.

Kutojua kwa serikali hakukuchukua muda mrefu. Mwaka 1964 Paul Grech, daktari wa eksirei, na Michael Latham, mtaalamu wa lishe, walichapisha utafiti wao kuhusu athari za floraidi katika mikoa ya kaskazini. Waliangalia meno na walipiga picha za mifupa. Kuanzia hapo Wizara ya Afya haikuweza tena kusema haijui.

Kilichofuata kina sifa na lawama pamoja. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliahidi usawa, na mwaka 1971 serikali ikaanza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji karibu na nyumba yake. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza juu ya malaria, kuhara, kichocho na safura, wakachimba vyoo. Yalikuwa mambo makubwa kwa nchi maskini, na sioni aibu kuyasifu. Ila chini ya Meru palikuwa na pengo. Kuchemsha maji, ambako kila zahanati hukushauri na ambako huua vijidudu vya kuhara, hakuondoi floraidi hata chembe. Maji yanapopungua kwenye sufuria, floraidi hubaki ileile katika maji machache zaidi. Mama mtiifu kwa mganga wa zahanati aliwakinga wanawe na kuhara, huku meno yao yakiendelea kuharibika.

Ndipo ikaja namba nane. Mwaka 1974 viwango vya muda vya maji vijijini viliruhusu hadi miligramu 8 za floraidi kwa kila lita. Sababu yake ilieleweka: kiwango kingekuwa kidogo zaidi, vyanzo vingi vya Arusha, Kilimanjaro, Singida na Shinyanga vingefungwa, na watu wangebaki na nini? Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mwaka 1984 liliweka 1.5. Tanzania ilibaki na 8 kwa zaidi ya miaka 30, ikashuka hadi 4 katika muongo wa 2000, na hatimaye mwaka 2018 ikafika 1.5. Kilichokuwa cha muda kilidumu kizazi kizima. Mhandisi aliyepima kisima akakuta 7 aliandika kwamba maji yanafaa, na hakuwa mwongo. Sheria ilikuwa upande wake. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1980 katika kijiji chenye kisima hicho akakua na meno ya kahawia kihalali. Nionavyo mimi, kosa halikuwa kuanza na 8. Kosa lilikuwa kukosa tarehe ya kuiacha.

Wakati huohuo sauti ya kijiji ilikuwa imenyamazishwa. Mwaka 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa, na uamuzi ukahamia kwa maofisa walioteuliwa. Sheria za serikali za mitaa zilirudi mwaka 1982 na halmashauri zikaanza tena kazi mwaka 1984. Diwani aliyerudi alikuta mabomba yamechoka na mfuko mtupu.

Kazi ya maana kuliko zote, kwa maoni yangu, ilifanyika pasipo makeke huko Ngurdoto, ambako Wizara ya Maji iliweka kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi. Njia waliyoikuza ni ya mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe hukusanywa kutoka machinjioni na buchani, hupangwa kwenye tanuru na kuchomwa taratibu hewa ikibanwa. Moto ukiwa mdogo, mafuta hubaki ndani ya mfupa na maji hutoka yana harufu na rangi. Ukizidi, mfupa huwa mweupe kama chokaa na kupoteza nguvu ya kunasa floraidi. Mfupa ukiiva sawasawa hutoka wa kijivu hadi mweusi. Hupondwa, huchekechwa hadi kupata punje za ukubwa unaofanana, huoshwa, kisha hujazwa kwenye ndoo au pipa lenye bomba chini. Maji yakipita polepole, floraidi hushikwa na punje zile. Baada ya muda punje huchoka na lazima zibadilishwe, na hapo ndipo machujio mengi yamekwama: chujio hutolewa siku ya uzinduzi, mtu wa kuleta mkaa mpya hajapangwa.

Jikoni nako kuna jambo. Magadi, yanayotiwa kwenye makande na maharage ili yaive upesi, huweza kuwa na floraidi nyingi, na watafiti wameonyesha kwamba watoto wa familia zinazoyatumia huota meno yenye mabaka hata pale maji yanapokuwa salama. Kuloweka maharage usiku kucha hakugharimu kitu, na ni maelezo ambayo mhudumu wa afya ya jamii anaweza kuyatoa katika ziara moja ya nyumbani.

Mjini mambo yamekwenda kasi zaidi. Kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ulioidhinishwa mwaka 2015, jiji la Arusha lilipata mradi wa shilingi bilioni 520 uliolenga kuongeza uzalishaji kutoka lita milioni 40 hadi milioni 200 kwa siku. Visima virefu vilichimbwa hadi upande wa Hai, mkoani Kilimanjaro, na suala la floraidi likawekwa ndani ya mradi tangu mwanzo. Hilo ni jema. Lakini mkazi wa Njiro aliyeunganishiwa bomba na mkazi wa kijiji cha Uwiro anayechota mtoni wanaishi chini ya mlima mmoja, na mwenye kipato kikubwa anaweza hata kununua maji ya chupa. Wa Uwiro hana pa kukimbilia.

Tangu mwaka 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa serikali, na wahandisi waliokuwa wa halmashauri wamehamia huko. Zahanati, shule na maofisa afya wamebaki halmashauri. Anayeona meno ya watoto hana mamlaka juu ya bomba, na mwenye bomba haoni meno. Halmashauri za Meru na Arusha zinapaswa kuziba ufa huo, na hazihitaji kusubiri mradi mwingine wa mabilioni. Familia haihitaji kusafisha maji ya kufulia na kuoshea. Inahitaji ndoo moja au mbili kwa siku za kunywa na kupikia. Na wanaohitaji ndoo hiyo kabla ya wengine wote ni watoto ambao hawajafika miaka minane. Matangi ya maji ya mvua kwenye kila shule ya awali na kila zahanati, na fungu la kudumu la kubadilisha mkaa wa mifupa kwenye machujio, ni mambo ambayo baraza la madiwani linaweza kuyaingiza katika bajeti ya mwaka mmoja.

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu, na mtendaji asome mapato na matumizi. Wananchi wa vijiji vya kuzunguka Meru, ombeni pia msomewe kipimo cha floraidi cha kila chanzo mnachokitumia, kibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, pamoja na tarehe na jina la aliyepima. Namba ikizidi 1.5, mwiteni diwani na meneja wa RUWASA katika mkutano huohuo, na msikubali waondoke bila kutaja tarehe.