Kura 16 za Tokelau

Nilianza na namba moja: 16. Ndizo kura zilizopungua Oktoba 2007, watu wa Tokelau walipoulizwa kwa mara ya pili kama wanataka kujitawala kwa ushirika huru na New Zealand. Simulizi niliyoizoea ni fupi: walipewa uhuru, wakaukataa. Nilipofungua matokeo nikakuta kura 446 za ndiyo kati ya 692. Hiyo ni asilimia 64, na sharti lilikuwa theluthi mbili. Februari 2006 pia, ndiyo ilifika asilimia 60. Basi ni nani aliyekataa?

Nikashika ramani. Visiwa ni vitatu, Atafu, Nukunonu na Fakaofo, vyote vya matumbawe, kilomita 500 hivi kaskazini ya Samoa. Watu ni kama 1,500. Nilitafuta njia ya ndege nikagonga ukuta: kiwanja hakuna. Unapanda meli Apia, unakaa baharini siku nzima na zaidi. Mahali pa mbali hivi paliingiaje mikononi mwa wengine?

Makaratasi yanajibu kwa mkato. Mwaka 1889 Uingereza ilitangaza himaya yake huko, mwaka mmoja kabla ya kufanya hivyo Zanzibar. Mwaka 1916 visiwa viliunganishwa na koloni la Gilbert na Ellice. Miaka kumi baadaye usimamizi ukahamia New Zealand, na 1949 vikawa sehemu ya nchi hiyo. Amri ya 1916 inadai wenyeji ndio waliotaka. Sentensi hiyo niliisoma mara tatu. Waliulizwa kwa lugha ipi, na aliyeandika jibu lao alikuwa nani?

Nyuma zaidi njia inaingia gizani. Mwaka 1863 meli za watumwa kutoka Peru zilichukua karibu nusu ya watu wa visiwa hivyo. Nilitafuta majina yao. Nilichokuta ni hesabu tu, nazo hazilingani. Je, jamii iliyopokonywa watu hivyo inaweza kuutazama mkataba wa wageni bila kusita? Siufungi uzi huo kwenye kura ya 2007, lakini siwezi kuukata.

Kuna simulizi nyingine, kwamba hofu ya kukosa misaada ndiyo iliyopiga kura. Ina uzito. Mbata haikutosha kuendesha serikali, na sehemu kubwa ya bajeti ilitoka New Zealand. Lakini rasimu ya mkataba wa ushirika huo huru iliahidi misaada iendelee na uraia ubaki. Tena Tokelau si maskini wa kila kitu. Eneo lake la bahari linazidi kilomita za mraba 300,000, na leseni za kuvua jodari zinaingiza fedha. Mwaka 2012 visiwa viliacha kutegemea dizeli kwa umeme, vikategemea jua. Na kuna inati: samaki wa kijiji humwagwa chini pamoja, kisha kila nyumba hupewa fungu lake, hata nyumba isiyo na mvuvi. Uchumi wa namna hii unapimwa kwa kipimo cha nani?

Halafu wapo waliohama, hasa baada ya kimbunga cha 1966. Watokelau wa New Zealand wamezidi 8,000, na hawakupiga kura. Walipiga wakazi tu. Lakini nyumba moja ina watu pande zote mbili. Mama wa Fakaofo anapotia karatasi sandukuni, si anawafikiria na wanawe wa ng'ambo?

Jambo la mwisho ndilo lililonigeuza. Theluthi mbili haikuletwa na mgeni. Baraza la Tokelau lenyewe ndilo lililoiweka. Katika vijiji ambako wazee huzungumza mpaka wakubaliane, nusu na moja isingetosha. Kwa hiyo nasema wazi: Tokelau haikukataa kujitawala. Wengi walisema ndiyo, mara mbili katika miezi 20, kisha wakaiheshimu kanuni yao ilipowaangusha. Jina lao lingali kwenye orodha ya kimataifa ya maeneo yasiyojitawala, lilipoandikwa 1946.